Sifa za Chemba Yetu

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Chemba iliyo mbele ya nyumba tunayopanga hapa Kariakoo ina miezi minne inafurika, na muda wote huo sijasikia mtu akiitamkia neno jema. Watu huikunjia pua, huiruka, huitemea mate, kisha huenda zao. Basi acha mimi, ambaye dirisha langu linatazamana nayo, niitolee sifa zake hadharani.

Sifa yake kuu ni kutunza amana. Tumeikabidhi vitu kwa miaka, nayo haikula hata kimoja. Nepi tulizozisukumiza usiku tukidhani hakuna anayeona, imezirejesha mchana kweupe, majirani wakihesabu. Mafuta ya chipsi yaliyomiminwa kwenye sinki yakiwa ya moto na mepesi, imeyarudisha yakiwa madonge meupe, magumu kama sabuni ya mche; yaani mtu aliweka maji akalipwa mawe, faida ambayo hakuna benki inayoitoa. Imerudisha mchanga, matambara, vijiti vya mishikaki na mifupa ya kongoro. Mwezi wa pili ilirudisha meno ya bandia. Mzee wa ghorofa ya tatu, ambaye tangu Ramadhani alikuwa akimtuhumu mjukuu wake kuwa kayaficha, aliitwa ashuke. Akayatazama sana, akasema si yake. Mjukuu hata hivyo aliombwa radhi pale pale ukingoni, wote wawili wakiwa wameziba pua.

Nani mwingine mjini hapa anarudisha amana namna hiyo? Mwenye nyumba? Mweka hazina wa kikoba? Fundi cherehani uliyempelekea kitambaa tangu Idi ile? Chemba haikuulizi kitambulisho, haikuambii mtandao uko chini, haikukati makato. Wala hupangi foleni. Yenyewe inakufuata mlangoni.

Sifa nyingine nazipita haraka. Imewapunguza bodaboda mwendo kuliko tuta lolote. Imewafundisha watoto kuruka mbali. Na mwaka huu mwenye nyumba hajathubutu kutaja kodi.

Wenzetu wa London wanajua thamani ya vitu hivi. Mwaka 2017 walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel donge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa kwenye makumbusho ya jiji, nyuma ya kioo, na watu wakaenda kukitazama. Sisi cha kwetu tunakitazama kila asubuhi, bila kioo.

Tena chemba yetu ni mkaguzi. Haina ofisi wala posho, lakini ndiyo pekee inayotoa taarifa juu ya hali ya bomba la mtaa huu, na taarifa yake haijawahi kuchelewa. Nasema ndiyo pekee kwa sababu nilikwenda kwa wahusika mara tatu. Mara ya kwanza niliulizwa namba ya chemba. Namba ya chemba! Jamani, mfuniko wenyewe uliibwa ukauzwa chuma chakavu, hiyo namba ningeisoma wapi? Mara ya pili nikaulizwa bomba linaelekea upande gani. Mimi ndiye niulizwe! Mara ya tatu kijana mmoja mstaarabu akaniambia ukweli: aliyekuwa akizijua njia za mabomba ya upande ule ni fundi mmoja mzee, amestaafu, yuko kijijini kwao, na simu yake haipatikani. Ramani nzima imekwenda kulima mihogo.

Nikiwa bado pale kwenye dirisha la ofisi yao, simu yangu ikalia. Bili ya mwezi, na namba ya malipo, na tozo ya majitaka ndani yake. Mita yangu wanaijua hadi uniti ya mwisho.

Na kazi yenyewe ya kutunza mabomba si uchawi. Majitaka huteremka kwa mteremko tu. Yakipungua mwendo, mchanga hutuama, mafuta hushika ukutani, na njia huanza kujifunga. Bomba la zege nalo huliwa na ile gesi inayonuka kama yai viza: bakteria huigeuza asidi, asidi ikatafuna dari ya bomba hadi siku barabara inapotitia. Kwa hiyo kila bomba liwe na cheti chake: lilizikwa mwaka gani, ni la kitu gani, kipenyo chake, mteremko wake, liliziba lini, lilisafishwa lini. Lile korofi lioshwe kwa maji ya kasi kabla halijaziba. Kamera ipitishwe kwanza kwenye yale ambayo yakipasuka yatamwaga uchafu karibu na hospitali au bomba la maji ya kunywa. Mengine yasubiri zamu. Jiji ambalo kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia humu humu halihitaji kubembelezwa.

Lakini bomba safi lina aibu moja: halionekani. Bomba jipya lina hema, lina ngoma, lina utepe wa kukatwa. Bomba lililopasuka lina dharura, na dharura ina fungu lake, gari lake na mpiga picha wake. Lile lililooshwa Jumanne, kwa wakati wake, halina kitu. Sijawahi kumwona kiongozi akilikatia utepe bomba ambalo halikuziba. Hata fundi aliyeliosha ni wa kumhurumia, maana mwezi ujao atapunguziwa mafuta ya gari kwa hoja kwamba kwake hakuna matatizo.

Juzi walikuja. Wakazibua kwa saa mbili, uchafu wakaurundika kando ukauke, wakakunja mipira yao. Nikamwuliza aliyewaongoza kama ameandika popote kwamba leo wamezibua hapa. Akanitazama kama yule mzee alivyoyatazama meno, akasema, "Ikijaa tena tupigie, mzee wangu."

Mfuniko hawakuwa nao. Tumeweka tairi bovu na tawi la mwarobaini. Ukija kwetu usiku, pita upande wa msikiti.