YAH: PONGEZI KWA KAZI NJEMA YA KUAGIZA

Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali,
Dodoma.



Sisi tunaovuka Magogoni kwa kivuko cha shilingi 200 tunawapongeza kwa jinsi mnavyoisimamia TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme unaoendesha vivuko na karakana za serikali. Mwisho wa Machi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti, Aprili inatua bungeni, nanyi mnaita menejimenti na kuagiza. Menejimenti inapokea maelekezo. Mwakani maelekezo yanakutwa palepale, mazima, hayajaguswa. Ni nadra mali ya umma kutunzwa hivyo.

Wakala huu ulianzishwa mwaka 2005 ili ufundi wa serikali uendeshwe kibiashara, na kweli ni biashara ya aina yake. Mteja hakulazimika kuridhika, alilazimika kuja: kwa miaka mingi kanuni za ununuzi zilitaka gari la serikali lipite kwa TEMESA kwanza. Naye mteja, kama kulipiza, halipi. Wizara na taasisi zinadaiwa mabilioni, karakana haina vipuri, gari linalala miezi, kisha mnauliza kwa ukali mbona vipuri hakuna. Swali zuri. Bajeti za wadaiwa hao hupitishwa na nani?

Mwaka 2023 Wakala wa Ufundi ulikipeleka kivuko cha MV Magogoni kwa mafundi wa Mombasa. Kikakawia huko huku malipo yakisuasua. Inaonekana Wakenya hawapokei maelekezo badala ya fedha.

La MV Nyerere halina mzaha. Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, kivuko hicho cha TEMESA chenye uwezo wa abiria 101 kilizama na watu zaidi ya 220 wakafa. Bodi ya TEMESA ikavunjwa. Aliyeivunja ni Rais wa wakati huo. Kamati za Bunge hazikuhitajika.

Ombi letu ni dogo. Kikao kijacho iacheni TEMESA ipumzike, muwaite makatibu wakuu wanaodaiwa. Kila mmoja asomewe deni lake hadharani, ataje tarehe ya kulipa, na fungu lake lisipite kabla risiti haijaonekana. Mkikosa pa kuanzia, tokeni nje mkayatazame mashangingi yaliyowaleta mashahidi wenu, mkaulize ni lipi lililotengenezwa kwa mkopo.

Wenu watiifu,
Abiria wa Kigamboni