Waraka kwa Daktari Anayefungua Hogo

Mheshimiwa Daktari,

Kwanza pokea shukrani zangu. Kila masika barabara za kuteremkia bonde la Rukwa zinakuletea vijana wa bodaboda waliovunjika vifundo vya miguu, nawe unawaunga kwa vifaa haba. Hilo nalisema kwa moyo mweupe.

Ila kuna jambo. Ukishafungua hogo, unainua picha ya eksirei dirishani na kutamka: "Mfupa umeshika, karudi shambani." Ule mwanya mweusi kati ya mfupa na mfupa kwenye kiungo, mgonjwa anadhani ni upenyo mtupu. Wewe umesoma, unajua pamelala gegedu: tabaka linaloteleza, unene wake milimita 1 hadi 2, linalozuia mifupa isisagane. Eksirei hailionyeshi. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo mfupa unaweza kuunga kwa wiki 6 hadi 8, huku gegedu lililomeguka siku ya ajali likibaki na jeraha lake.

Mwaka 2000 madaktari wa Uswisi walichapisha walichokiona kwa kamera ndani ya vifundo 288 vilivyovunjika: karibu 8 katika kila 10, gegedu lilikuwa limeumia. Baadhi ya wagonjwa hao walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 13, na waliokuwa na majeraha ya kina ndio walioelekea zaidi kupata baridi yabisi ya kifundo. Unalolinyamazia, basi, si jambo la nadra.

Na mgonjwa wetu hana kiti cha ofisini. Anasimama mteremkoni akifukia nyasi kwenye matuta ya ntumba, anabeba magunia. Baridi ya Julai ikikaza, kifundo kinavimba, kinakwama, anachechemea. Akirudi kwako anaambiwa anadeka. Daktari, kumwita mtu mvivu kwa maumivu uliyojua yanaweza kuja, nawe hukumwonya, ni kumdhulumu mara mbili.

Sikudai kipimo cha MRI wala kamera ya kuchungulia ndani ya kiungo. Nakuomba dakika 5. Mweleze kuwa ndani ya kiungo huenda kuna jeraha lisiloonekana pichani. Mwonyeshe mazoezi ya kukunja na kunyoosha kifundo, umwambie lini aweke magongo chini. Kwenye kadi yake andika kwamba kikiendelea kuvimba au kukwama baada ya miezi kadhaa, arudi apewe rufaa ya Mbeya au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Na akirudi, tafadhali mwamini.

Wako,
Mkazi wa Sumbawanga