Kufuli la Chumba cha Tatu

Shemeji, ndugu wa mume wangu, alitia kufuli chumba cha tatu siku ya Jumamosi alasiri. Mimi niliporudi kutoka soko la Owino nilimkuta mke wa mpangaji uani, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na binti yao wa darasa la saba amejiinamia kando yake. Wiki iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Sare ya mtoto ilikuwa ndani. Vitabu vilikuwa ndani. Hata sufuria zilikuwa ndani.

Nyumba yetu iko Kibuli, Kampala. Marehemu baba mkwe alijenga nyuma yake safu ya vyumba vinne, vile ambavyo Waganda huviita mizigo. Alipofariki, mama mkwe ndiye aliyevisimamia. Uani kila mtu anamwita Jajja, yaani bibi. Kodi ilikuwa shilingi 280,000 kwa mwezi, na Jajja hakuwa na daftari wala mkataba na yeyote. Alipokea pesa mkononi, akazifunga kwenye pindo la kanga, akakumbuka nani kalipa na nani bado. Katika miaka ya afya yake sikuwahi kusikia amekosea. Lawama naiweka kwetu, tuliosoma, ambao hatukuwahi kumnunulia hata kitabu cha risiti.

Mwezi wa Agosti aliugua ghafla, akalazwa siku nne, kisha akaenda kupumzika kwa dada yake Masaka. Shemeji akashika ukusanyaji wa kodi. Wapangaji watatu walilipa. Yule wa chumba cha tatu alisema, "Miezi hii mitatu nilishaelewana na Jajja." Miezi mitatu ni shilingi 840,000. Tukapiga simu Masaka. Sauti ya mama ilikuwa bado nzito. "Alinipa kitu, mwanangu," alisema. "Kiasi gani, sikumbuki." Shemeji akaona tunachezewa kwa sababu mzee ni mgonjwa. Akaenda dukani, akanunua kufuli.

Nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, yule mtoto atafanyaje mtihani?" Hakunijibu, lakini alivaa viatu, na sote tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, mpangaji akitutangulia hatua kumi.

Mwenyekiti alimwuliza shemeji: "Mkataba uko wapi?" Hakuna. "Risiti za miezi ya nyuma?" Hakuna. "Basi utaonyesha nini kwamba anadaiwa?" Shemeji akasema kila mtu Kampala anafunga mlango, wengine wanang'oa hata mabati. Hilo ni kweli, nami nimeliona kwa macho yangu. Mwenyekiti akamwambia kwamba kuliona si kuruhusiwa. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na anayefanya hivyo anatenda kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo ilifuta ile ya tangu zama za ukoloni iliyowapa madalali njia ya kukamata vyombo vya mpangaji kwa ajili ya deni. Kwa hiyo hata anayedai deni kubwa la halali, akifunga mlango kwa mkono wake, ndiye anayegeuka mkosaji.

Kisha akatueleza jambo ambalo mimi sikulijua kabisa. Makubaliano ya mdomo yanakubalika kwa upangaji mdogo, lakini thamani ikifika shilingi 500,000 sharti yawe kwa maandishi. Nilipiga hesabu palepale kwa vidole. Miezi miwili tu ya chumba chetu inapita hapo.

Mpangaji alikuwa kimya muda wote. Alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Mzee wangu, ushahidi ninao. Uko kwenye simu yangu ya zamani. Simu iko ndani ya chumba walichofunga."

Tulirudi nyumbani gizani. Shemeji mwenyewe alifungua. Simu ilitolewa chini ya godoro, ikachajiwa kwangu jikoni, na sote tukaisubiri iwake. Ujumbe ulikuwepo: shilingi 610,000 zimelipwa hospitali, tarehe ileile Jajja alipotolewa wodini. Ni mpangaji aliyempeleka mama kwa bodaboda usiku alipougua, sisi tukiwa safarini kwa mazishi, na ni yeye aliyelipa ili aruhusiwe kutoka. Jajja akamwambia, "Tutakata kwenye kodi." Sisi tulidhani mama alilipa kwa akiba yake. Na mpangaji hakudai kwamba amemaliza yote. "Jajja alinivumilia kwa zilizobaki mpaka apone," alisema. "Ni 230,000. Nitalipa."

Shemeji alimwomba mpangaji radhi mbele ya mke wake na mbele ya mtoto. Sitasahau jinsi ilivyomwia vigumu, na jinsi alivyofanya hata hivyo.

Jumapili tuliandika mikataba minne, kwa mkono, nakala mbili mbili. Ndani yake tuliweka majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, na jinsi ya kugawana Yaka, umeme wa kulipia kabla, maana mita ni moja na ugomvi wa umeme ulikuwa haukatiki. Tuliandika pia kwamba kodi haitapanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kama sheria inavyosema. Mume wangu aliguna alipoona upande wa pili wa karatasi, yaani ushuru. Vyumba vinne vinaingiza shilingi 13,440,000 kwa mwaka. Mtu binafsi anasamehewa 2,820,000 za kwanza, na kinachobaki hutozwa asilimia 12. Kwetu ni shilingi 1,274,400 za kupeleka URA, mamlaka ya mapato. Ni pesa nyingi kwa familia yetu. Lakini siwezi kutaka mahakama inilinde dhidi ya mpangaji huku pato lenyewe nimelificha.

Mtoto alifanya mtihani wake wote. Baba yake alimaliza zile 230,000 mwezi wa Januari, na risiti aliyopewa ndiyo ya kwanza katika kitabu chetu, nambari 001. Jajja alikuwa amesharudi kutoka Masaka, na alama ya dole gumba iliyo chini ya risiti hiyo ni yake.