Baraza la Rejeta

Ukiharibikiwa na gari Tunduma, huhangaiki peke yako. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kutoka huko Lusaka au Lubumbashi, hujipanga barabarani, na dereva aliye kwenye foleni hana kazi isipokuwa kunywa chai na kutibu magari ya watu. Hiace yetu kuukuu ina injini chini ya kiti cha mbele. Fundi aliinua kiti tu, baraza likawa limeshaketi.

Mjomba aliinunua ikiwa na kitanda, sinki na jiko la gesi, akiota kulala mbugani. Tumelala humo kweli, ila kando ya barabara, tukisubiri ipoe. Kila ikipanda Senjele kutoka Mbeya inachemsha. Fundi akasema dawa ni kusafisha mfumo mzima: kumwaga maji ya zamani, kupitisha maji safi mpaka yatoke kama yalivyoingia, kisha kujaza kulanti na maji nusu kwa nusu.

Akafungua kwa chini. Kilichotoka kilikuwa kizito na chekundu kama uji wa ulezi.

"Kutu," akasema fundi.

"Gasketi," akasema dereva wa kwanza.

"Wota pampu," akasema wa pili.

Wa tatu, chapati mdomoni, hakutaja ugonjwa. Alitaka thamostati itolewe, itupwe, kwani yeye amefika Kolwezi mara ngapi bila hiyo! Ushauri huu una wafuasi wengi nchini, na ni mbaya: bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hasa kwa baridi ya Juni huku Songwe, na mafuta inayanywa.

Fundi akaamua kuipima. Thamostati hupimwa kwa kuitia kwenye maji ya moto. Yakifika nyuzi 82 hivi, inapaswa kuanza kufunguka. Tunduma tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini nafasi ilitosha. Kilichokosekana ni sufuria. Mama lishe alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akakitazama kile kidude chenye utelezi, akasema, "Baba, humu napika chai ya watu." Alikuwa na haki, kulanti ni sumu, tena tamu. Tukapewa kopo la rangi. Thamostati ikafunguka, na mwenye chapati akadai imebahatisha.

Ili maji safi yafike kila kona, hita lazima iwashwe, na Hiace hii, iliyoundwa kwa baridi ya Japani, inazo mbili: ya mbele na ya nyuma. Mjomba aliketi ndani saa saba mchana akikanyaga mafuta, jasho likimtiririka, huku fundi akimpa moyo dirishani kwamba gari sasa linapoa vizuri.

Hatimaye maji yakatoka meupe. Yakaanza kutoka pia mahali ambapo hatukufungua. Kumbe kutu ya miaka yote ndiyo iliyokuwa imeziba tundu la rejeta, nasi tumemlipa fundi alizibue. Kwa mara ya kwanza baraza likakubaliana: yai. Likivunjwa ndani ya rejeta huiva na kuziba tundu (na vijia vingine vyote, ila hilo halikujadiliwa).

"Yai moja, mama," akaagiza mjomba.

"La kuchemsha au bichi?"

"Bichi," akadakia fundi. "Litachemkia humo humo."

Akatutoza bei ya la kuchemsha.