Kula Bata

Kwetu Dar, mtu akisema anakula bata, hakuna anayeuliza: muziki, kinywaji baridi, bili ya mwenzako. Baba mkwe wangu, Mwingereza wa Norfolk, hayo hayajui. Aliponiambia Jumamosi twende kwenye bata, nikavaa raba nyeupe.

Mzee amejichimbia kidimbwi nyuma ya shamba, hakifikii hata uwanja wa netiboli. Tangu Septemba, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, kila jioni anakwenda kuwamwagia bata shayiri. Kila jioni! Mimi mkwe wake nikimtembelea napewa biskuti mbili.

Desemba huko jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni. Tukajikunyata kwenye matete, maji yananiingia rabani, mbele yetu bata wanne wa plastiki wanaelea bila wasiwasi. Kukohoa marufuku. Simu marufuku. Bunduki sikupewa, sina kibali. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya chai. Mbwa alikuwa amevaa koti. Narudia: mbwa alikuwa amevaa koti.

Kwanza wakapita mabukini, juu kabisa, wanapiga kelele kama wanafunzi wanaogombania daladala. Sisi tunawaita bata bukini, kana kwamba wametoka Bukini, ndiyo Madagaska. Hawa, mzee akaninong'oneza, wametoka Aisilandi. Yaani wamekuja Norfolk kufuata joto.

Kisha gizani nikasikia mabawa yanapiga mluzi, kabla sijaona kitu. Hapo, sifichi, moyo ulinilipuka. Wawili wakashuka, miguu mbele. Mzee akapiga mara mbili, akaanguka mmoja. Mbwa akaleta, mbwa akasifiwa.

Tena hazikuwa risasi za risasi. Madini hayo yamepigwa marufuku kwa kuwindia bata Uingereza tangu 1999, kwa sababu bata huokota punje zake matopeni wakidhani changarawe, zikawaua kwa sumu. Siku hizi marisau ni ya chuma. Kwa afya ya bata ni jambo jema.

Bata nikazawadiwa mimi. Mke wangu akasema manyoya yasivuke mlango, basi nikamnyonyoa nje, vidole vimekufa ganzi. Gole lilikuwa limejaa shayiri ya baba mkwe. Nikamuunga kwa nazi ya kopo, ugali pembeni. Tonge la tatu, kah! Chuma juu ya gego.

Simu ikaita palepale, rafiki yangu wa Temeke.

"Vipi kaka, Ulaya huko mnakula bata tu?"

Nikatema punje kiganjani.

"Sana," nikamjibu, kwa upande mmoja wa mdomo.