Goti la Jirani

Jirani yangu hapa Madungu ana goti lisilotulia. Akishakaa barazani baada ya magharibi, kahawa haijapoa, goti lake la kulia limeshaanza: tiki, tiki, tiki, kama cherehani ya fundi anayekimbizana na sikukuu. Hilo ni lake na Mola wake. Kero yangu ni kwamba dakika tano baadaye goti langu nalo linacheza, na sikuliamuru. Nikitupa jicho upande wa pili, maalim naye yumo, na mtoto aliyetumwa sukari yumo vilevile, tena yeye kasimama. Mwili huu naulisha mimi, nauvisha mimi, ukiugua nautibu mimi, lakini unamtii jirani.

Wala si goti tu. Akipeleka kikombe kinywani, mkono wangu uko njiani. Juzi nilikunywa vikombe sita vya kahawa chungu kwa sababu yeye alikunywa sita; yeye akaenda kulala, mimi nikahesabu boriti za dari mpaka adhana ya alfajiri. Akicheka, nacheka, na mara nyingi kichekesho chenyewe sijakisikia, maana sikio langu la kushoto siku hizi limebaki la urembo.

Nilijifariji niliposoma kwamba hata saa za ukutani zina tabia hii. Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, ndiye aliyevumbua saa ya pendulamu, aliugua akawa kitandani hana la kufanya ila kuzitazama saa zake mbili zilizotundikwa pamoja. Akaona pendulamu zinapishana sawasawa, hii ikienda kulia ile inakwenda kushoto, hazikosei. Akizivuruga, baada ya nusu saa zimeshapatana. Kumbe boriti iliyozibeba ilikuwa ikipokea mtikisiko mdogo wa saa moja na kuufikisha kwa mwenzake. Sawa, Huygens alikuwa na boriti ya kulaumu. Baraza letu ni la saruji, halipitishi kitu. Goti la jirani linaingia kwa macho.

London nako walikiona cha moto. Tarehe 10 Juni 2000 walifungua daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Likayumba kidogo, watu, kwa kuogopa kuanguka, wakakanyaga kwa kufuata myumbo, likazidi kuyumba. Siku mbili baadaye likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka 2002. Nawahurumia, kwa sababu jirani yangu ni mrefu kama mnazi na mimi Mungu kanipunguzia. Tukifuatana kwenda sokoni Chake, hatua zetu zinalingana hata nikikataa. Yeye anafika anapiga soga, mimi nafika nimeloa jasho nashika kiuno. Mwanzoni nilidhani ni maradhi.

Sasa jaribu kutoka kwenye mwendo wa watu uone. Salamu zetu mnazijua: kwema, kwema, watoto hawajambo, hawajambo, alhamdulillahi. Zinapokezana kama ndoo kisimani. Asubuhi moja mzee aliniuliza, "Yakhe, kwema nyumbani?" nami kwa ujinga wangu nikafikiri kabla ya kujibu, maana paa lilikuwa linavuja na mbuzi alikuwa hajarudi. Nilikaa kimya labda sekunde mbili. Mzee akavua kofia. "Nani kafa?" Kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wameshapita nyumbani kutupa pole, na mmoja alikuja na mkeka.

Watafiti waliwahi kupima jambo hili. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulichukua lugha kumi za pande mbalimbali za dunia, wakapima mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana anachukua muda gani kujibu. Kwa wastani ni kama moja ya tano ya sekunde. Wajapani ndio waliowahi zaidi, Wadenmaki ndio waliojivuta. Kiswahili hakimo katika hizo kumi, nami nasikitika, kwani wangekuja Madungu wangekuta watu wanaojibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nitasema haki: msimu wa karafuu tukikaa mkeka mmoja kuchambua, mikono yote inakwenda kama ya mtu mmoja, na hapo silalamiki, kazi inakwisha mapema. Na kinu je! Mke wangu na binti zangu wawili hutwanga kwenye kinu kimoja kwa michi mitatu, huu ukipanda ule unashuka, wanaongea na kucheka huku hakuna anayehesabu. Siku moja nikaomba nimpokee binti mdogo. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Mchi wangu ukakutana na wa mama yao hewani, mpunga ukaruka mpaka kwa kuku. "Baba watoto," mke wangu akasema taratibu, "nenda barazani."

Kwa hiyo siwezi kufuata ninapotaka, na siwezi kuacha nisipotaka.

Mwezi uliopita niliamua kugoma. Nikakaa nimempa jirani mgongo, naangalia barabara, mikono nimeikunja, kahawa nimeikataa. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu huru. Halafu nikaanza kuisikia kandambili yake inavyopiga sakafu: tiki, tiki, tiki. Nilichokifungia mlango wa macho kikaingia kwa sikio la kulia, lile zima.

Wiki mbili sasa jirani kasafiri, kapanda boti Mkoani kwenda Unguja kumwangalia mwanawe. Nikashusha pumzi. Jana baada ya isha tumekaa, nafasi yake iko wazi, kimya, upepo mzuri. Mzee akaweka kikombe chini, akanigusa bega.

"Yakhe, tuliza goti. Umetuambukiza sote."