Kulala Chini kwa Kulipia

Kitu cha kwanza wanachokufundisha kwenye pilates ni kupumua. Nilijua hapo sina wasiwasi, maana kazi hiyo nimeifanya tangu kuzaliwa, usiku na mchana, bila likizo. Kumbe nilikuwa nabahatisha. "Baba, unapumulia tumbo," mwalimu akaniambia. "Pumulia mbavu. Zitanue pembeni na nyuma, tumbo libaki ndani." Nikaanza kuzitafuta mbavu zangu. Kwa umri wangu, na kwa chipsi mayai zilizokwisha kupita hapa, mbavu ni kitu ambacho mtu anaambiwa tu kwamba anacho.

Mwalimu mwenyewe ni binti wa rika la kitinda mimba wangu, na hilo lina adha yake. Mlangoni anakuamkia shikamoo kwa adabu zote, nawe unaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu mzima. Dakika tano baadaye huyohuyo amekusimamia kichwani: "Mguu wa kulia juu, baba, na goti lisikunjike." Ile marahaba imebaki mlangoni pamoja na viatu. Hata soksi hazikupona. Zangu ziliteleza, na kidole gumba kilikuwa kimejitokeza kuangalia wageni, ikabidi ninunue palepale soksi zenye vinundu vya mpira chini, kwa bei ambayo Kariakoo ningerudi na viatu.

Kilichonipeleka huko ni mgongo. Wanaoshinda wamekaa ofisini, kisha wakaenda kukaa tena kwenye foleni ya Mwenge, wanaujua mgongo ninaousema. Mtaalamu wa viungo akashauri pilates. Jirani yangu alipoona kwenye simu picha za watu wamelala kwenye mikeka, akauliza kwa nini hela hiyo nisimpe yeye nikalale sebuleni kwake.

Mwenye mazoezi yake ni Mjerumani, Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 mjini Mönchengladbach na kusumbuliwa utotoni na pumu na matege. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, wakamtia kizuizini na Wajerumani wenzake, hatimaye katika kambi ya Knockaloe kwenye Kisiwa cha Man. Huko akawa anawafanyisha wenzake mazoezi, na husimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili hata mgonjwa asiyeweza kuinuka apate la kuvuta. Niliposoma hayo, mengi yalinifungukia. Haya ni mazoezi ya mtu ambaye hakuwa na pa kwenda, na wanafunzi wake hawakuwa na pa kukimbilia.

Katika miaka ya 1920 alihamia New York, yeye na mwenzake Clara wakafungua ukumbi Eighth Avenue, na wacheza dansi wa akina George Balanchine na Martha Graham wakawa wateja wao. Yeye aliyaita mazoezi yake Kontroloji, yaani akili ndiyo iutawale mwili. Jina lake lilishika baadaye, na mwaka 2000 mahakama moja ya huko New York iliamua kwamba pilates ni jina la aina ya mazoezi, halimilikiwi na mtu. Ndiyo maana leo yeyote anaweza kukutesa kwa jina hilo bila kuomba ruhusa.

Kuna zoezi linaitwa Mia. Unalala chali, unanyanyua kichwa na mabega, miguu juu, halafu mikono iliyonyooka inapigapiga hewa kando ya mapaja: pumzi ndani kwa hesabu ya tano, pumzi nje kwa hesabu ya tano, mara kumi. Kwa maneno halina ubaya wowote. Kwa vitendo, sijafika mbali tumbo linaanza kutetemeka lenyewe, shingo inaomba talaka, na binti anasema kwa upole, "Tunaanza vizuri."

Wanasema pilates hutuliza akili. Kwa maoni yangu haiitulizi, inaibana. Kitovu kiende mgongoni, kidevu kisipande, mabega yakae mbali na masikio, na katikati ya yote hayo usisahau pumzi. Siku moja mguu ukiwa juu nikakumbuka ada ya shule. Mguu ukashuka papo hapo, kwa kishindo. Mpaka saa inakwisha hujapata nafasi hata ya kumkumbuka mtu anayekudai, na hiyo peke yake ni thamani ya hela.

Tatizo ni rifoma. Hiki ni kitanda chenye kigari kinachoteleza, kimefungwa springi. Unashika upapi wa mbele, miguu unaiweka kwenye kigari, unakisukuma nyuma kisha unakirudisha kwa nguvu za tumbo. Mwalimu akapunguza springi, nami nikamshukuru kimoyomoyo kwa kuwahurumia wazee. Hakuwa na huruma hiyo. Katika zoezi lile springi ndizo zinazokusaidia kurudi. Zikipungua, unabaki na tumbo lako. Kigari kikaondoka na miguu, mikono ikabaki kwenye upapi, nami nikatandazwa katikati.

"Vuta kwa tumbo, baba!"

"Tumbo lipi?" nikauliza, na hapo nikaanguka.

Kwenye kitanda cha pembeni alikuwepo bibi mmoja mstaafu wa benki, miguu yake ikichora duara kwenye mikanda bila haraka. "Pole mwanangu," akasema, na wala hakusimama.

Kesho yake nikapiga chafya ndani ya daladala. Maumivu yalipita kwenye misuli ambayo sikuwa na habari nayo, nikajikuta nimeita "Mama!" mbele ya abiria wote. Konda akageuka: "Mzee vipi, tukushushe hospitali?" Nikamwambia nimetoka kufanya mazoezi. Akauliza mazoezi gani, nikashindwa kumwambia ni ya kulala chini.

Lakini mgongo umepungua kelele, siwezi kuudhulumu, na ada ya mwezi ujao nimeshalipa. Nawe ukitaka kujaribu, mweleze mwalimu mapema kama una tatizo la uti wa mgongo. Halafu kuna zoezi la kujikunja na kubingirika sakafuni kama mpira, magoti yakiwa yamebanwa kifuani, ndani ya chumba kimya chenye watu kumi. Siku hiyo mchana usile maharage.